Lori Lisilozimwa

"Zima!"

"Sizimi!"

"Papa Moïse, nimesema zima hiyo moteur kabla haijajiua yenyewe!"

"Na mimi niko nakuambia, Mama Simone, nikizima hapa tutakula Noeli hapa. Na Pasaka. Utapika nini? Majani?"

Mvua iliwamwagikia wote wawili bila kuchagua. Simone alisimama kwenye tope lililomfika nusu ya miguu, mkono mmoja umeshika mlango wa lori, mwingine ukielekeza kidole kwenye boneti. Papa Moïse aliketi nyuma ya usukani na kukanyaga mafuta kidogo kidogo ili injini isikate roho. Kutoka chini ya boneti sauti ile ile iliendelea: tik, tik, tik, tik. Kavu, nyepesi, ya haraka, kama mtu anayegonga kijiko pembeni ya sufuria.

Lori liliitwa Tokokoma. Jina hilo, ambalo kwa Kilingala ni "tutafika", liliandikwa kwa rangi nyekundu juu ya kioo cha mbele. Lilikuwa lori kuukuu la petroli, lililowazidi umri wengi wa abiria wake, na démarreur yake, mota ya kuiwashia injini, ilikuwa imekufa zamani. Ili liwake, lilipaswa kusukumwa kwenye mteremko. Kwa hiyo Papa Moïse alikuwa na sheria moja tu: safarini injini haizimwi. Abiria wakila, inanguruma. Wakiingia porini kujisaidia, inanguruma. Yeye mwenyewe akisali, inanguruma.

Na hapa hapakuwa na mteremko. Walikuwa chini kwenye bonde, katikati ya msitu, katika barabara inayotoka upande wa Opala kwenda Lubunga, ng'ambo ya mto kutoka Kisangani. Mbele yao mti mkubwa ulikuwa umeanguka na kuziba njia. Nyuma yao kulikuwa na shimo la maji walilolivuka asubuhi kwa taabu. Simu hazikushika kitu.

Simone hakuwa na nafasi ya kuwa mpole. Ndani ya kabini, kwenye kiti kirefu, alilala binti yake Nadège. Usiku wa kuamkia jana, katika dhoruba, tawi lilikuwa limemwangukia na kumvunja mguu chini ya goti, mfupa ukatoboa ngozi. Muuguzi wa kituo cha afya aliufunga mguu kwa vipande vya mianzi, akautazama unyayo kuona kama damu inafika, kisha akasema bila kuzungusha: "Kesho kabla ya giza awe Kisangani kwa daktari wa kupasua. Ikipita hapo, siahidi mguu." Pikipiki isingeweza kubeba mguu usiokunjika. Kulikuwa na Tokokoma tu. Na "kesho" ya muuguzi ilikuwa ndiyo leo.

"Sikiliza," Simone alisema, safari hii kwa sauti ya chini, na sauti yake ya chini ilikuwa mbaya kuliko ile ya juu. "Moteur ikivunjika, mutoto wangu anapoteza mguu. Unaelewa?"

"Moteur ikizimika, mutoto wako anapoteza mguu ule ule. Wewe njo unaelewa?"

Wote wawili walikuwa na haki, na wote wawili walijua. Ndiyo maana walikuwa wakipigiana kelele.

Ile tik ilianzia kwenye shimo. Asubuhi Tokokoma lilikuwa limeingia majini likiwa limekimbia kwa muda mrefu, injini ina moto kama jiko la mkaa. Maji yalipanda mpaka chini ya boneti, mvuke ukalipuka, wanawake waliokaa juu ya magunia wakaita majina yote ya Mungu. Lori lilitoka upande wa pili likitetemeka. Tangu hapo, kila liliposimama, ilisikika. Likikimbia, kelele za barabara ziliifunika.

Simone alikuwa na diploma ya kilimo kutoka Yangambi, na aliendesha mashine ya kukoboa mpunga kijijini kwake. Mashine ile haikuwahi kumuuliza diploma yoyote. Ilimfundisha tu kusikiliza. Alijua kwamba injini inayogonga inaweza kuwa inalia kwa kukosa oili, au vali zimelegea, au kuna kitu kinacholegea ndani kabisa, mahali ambapo kikiachia hakuna fundi wa porini anayeweza kukirudisha.

Papa Moïse alipangusa uso. Alikuwa mtu wa Maniema, mnene wa mabega, mwenye ndevu chache za mvi, aliyezijua barabara hizi tangu zilipokuwa bado zinaitwa barabara.

"Bon," alisema. "Tuache kugombana. Tuiulize yenyewe. Israël! Kuja ushike mafuta."

Israël, msaidizi wake wa miaka mingi, aliacha shoka kwenye mti ulioanguka akaja kukaa kwenye usukani. Wengine waliendelea kukata. Ramla, mfanyabiashara wa samaki wa kukaushwa aliyeketi juu ya mzigo amejifunika mfuko wa plastiki, aliinama kutoka huko juu aone vizuri.

"Mukimaliza kusikiliza moteur, musikilize na tumbo yangu," alisema. "Nayo inagonga."

Walitandaza kipande cha turubai juu ya boneti iliyofunguliwa, wakaingiza vichwa chini yake. Joto liliwapiga usoni.

Simone alianza na oili. Alichomoa kijiti cha kupimia, akakipangusa kwenye liputa lake, kitenge alichojifunga kiunoni, akakirudisha, akakichomoa tena. Hata injini ikiwa inazunguka, oili ilifika katikati ya alama. Ilikuwa nyeusi, lakini haikuwa na rangi ya maziwa.

"Iko ya kutosha. Na maji haikuingia."

"Nilikuambia."

"Bado."

Alivunja fimbo iliyonyooka kichakani, akaimenya gome, akaweka ncha moja juu ya kifuniko cha vali na nyingine kwenye mfupa nyuma ya sikio. Alifumba macho. Sauti ya ndani ilipanda kwenye fimbo hadi kichwani. Vali zilikuwa zikigonga kwa mpangilio, kama wanawake wanaotwanga pondu, majani ya muhogo, kwenye kinu kimoja, kila mmoja kwa zamu yake. Hakuna aliyechelewa wala aliyepiga zaidi ya mwenzake.

"Soupapes ziko sawa," alisema, akishangaa kidogo. Alikuwa tayari kuapa kwamba ni vali.

"Sasa nipishe."

Papa Moïse aliuzungushia mkono wake wa kulia kipande cha mpira wa tairi la baiskeli. Alichomoa waya wa plagi ya kwanza. Injini ilijikwaa, lakini tik iliendelea. Akaurudisha. Wa pili, vivyo hivyo. Alisogea hivyo waya kwa waya, bila haraka, kama mtu anayewaita watoto wake majina ili ajue nani kavunja sahani. Alipofika kwenye waya wa mwisho, ule ulio karibu na kabini, akauchomoa, tik ikanyamaza.

Wakatazamana. Akaurudisha. Tik, tik, tik.

"Huyu," alisema.

Simone aliitupa ile fimbo. "Bielle," alisema. Hicho ndicho kilichokuwa kimeua mashine yake ya kwanza: chuma kinachosukuma pistoni, kimelegea kiunoni.

"Hapana, mama. Bielle inagonga kutoka chini, na inagonga nzito, kama askari kwenye mlango. Huyu anaongea kutoka pembeni." Alipitisha kiganja kando ya injini, karibu na bomba nene la chuma linalokusanya moshi, bila kuligusa. Alisimama mahali pamoja. Sura yake ikabadilika. "Leta mkono. Usiguse."

Simone aliweka kiganja pale. Pumzi ndogo ya moto ilimpiga. Kisha nyingine. Kila tik na pumzi yake. Aliinamisha kichwa, akaona kwenye chuma ufa mwembamba kama unywele, na pembeni yake masizi meusi yaliyotawanyika.

"Maji ya baridi," alisema.

"Juu ya chuma cha moto. Imepasuka tu. Moto unapolipuka ndani, moshi unatokea hapa, unafanya tik. Moteur yenyewe iko mzima kama mutoto wa mwezi mmoja!" Papa Moïse alitoa kichwa nje ya turubai, akacheka mpaka mabega yakaruka. "Inapumua pembeni, basi!"

Simone naye alitoka chini ya turubai. Hakuwa mtu wa kuficha neno lililomshinda. "Papa Moïse, ulikuwa na haki."

"Sema tena, Ramla hakusikia."

"Nimesikia!" Ramla alipaza sauti. "Sasa tule."

Kazi ikarudi kwenye mti. Ulikuwa mkubwa, mbao zake ngumu na nyekundu, na shoka zilikuwa mbili tu. Simone alichukua zamu yake na panga, akakata matawi. Papa Moïse alirudi kwenye usukani kulinda mafuta kwa mguu wake. Koko Berthe, mama mkwe wa Simone, aliyekaa kabini na kichwa cha mjukuu wake mapajani, alipandisha vioo vyote hadi juu na kuziba nafasi zilizobaki kwa nguo. Mvua isimguse mtoto. Kabini ilikuwa mahali pa heshima, pakavu, penye joto la injini. Mgonjwa alipewa kabini. Hivyo ndivyo watu walivyofanya siku zote kwenye njia ile. Ramla alikuwa ameiomba asubuhi akanyimwa, na hakuwa ameacha kulalamika.

Saa zikapita. Mti uliliwa kidogo kidogo. Tik, tik, tik ya Tokokoma iliwasindikiza, na sasa hakuna aliyeiogopa. Mmoja wa wanaume alianza hata kupiga shoka kwa kuifuata.

Walipopumzika kula, Simone alipeleka kwanga, mkate wa muhogo, na samaki kabini. Koko Berthe alikitazama chakula, akafungua mlango, akatapika nje.

"Ni samaki ya asubuhi," alisema, akijifuta mdomo. "Haikuwa mbichi."

"Malaria inanianza," alisema Papa Moïse. Alikuwa amelaza paji la uso kwenye usukani. "Kichwa iko inapasuka."

Simone alipanda ndani, akafunga mlango nyuma yake kama desturi, akashika mguu wa Nadège. Kila alipopata nafasi siku hiyo alikuwa akibonyeza ukucha wa kidole gumba, akiutazama unavyopauka, kisha damu inavyorudi. Ilirudi. Polepole, lakini ilirudi. Kila mara Nadège alikuwa amelalamika: "Mama, unaniumiza." Sasa hakusema kitu.

"Nadège."

Msichana alifumbua macho nusu. "Niache nilale tu."

"Ni homa ya kidonda," Koko alisema. "Muache apumzike."

Simone aliweka mgongo wa mkono kwenye paji la uso la mwanawe. Halikuwa na homa. Aliketi pale, akimshika, akijaribu kufikiri, lakini fikra zilikuja nzito. Kitu kilianza kumgonga kwenye mishipa ya kichwa. Akadhani ni uchovu wa panga.

Nje, Ramla alikuwa akiwafokea wanaume, mkono kwenye turubai la mzigo. "Nani amekula sehemu yangu? Mimi niko na njaa ya kula hii bâche na kamba yake!"

Simone aliinua kichwa.

Watu wote waliokuwa nje walikuwa wamelowa, wanatetemeka, wanakula kama nzige. Waliokuwa ndani, wakavu, wenye joto, walikuwa wanatapika, wanaumwa kichwa, wanasinzia. Koko hana kidonda. Nadège hana homa. Na yeye mwenyewe, aliyeingia sasa hivi...

Alitazama chini kwenye pedali. Hapo sakafuni kulikuwa na tundu ambalo Israël huliziba kwa tambara. Maji ya shimoni yalikuwa yameondoka na tambara. Ndani ya tundu lile, ukipanda taratibu kwa kila tik, uzi mwembamba wa moshi uliingia kabini.

Alisukuma mlango kwa mguu. Alimshika Nadège chini ya makwapa, akamvuta nje kwenye mvua, mguu uliofungwa ukigonga ukingo wa kiti, na msichana akapiga ukelele. Ukelele ule ulimpendeza Simone kuliko wimbo.

"Unamuua na baridi!" Koko Berthe alilia.

"Toka, Koko! Toka, toka! Israël, mushike huyu! Ramla, shuka na bâche!"

"Kuna nini?" Papa Moïse aliuliza. Ulimi wake ulikuwa mzito.

"Moshi ya ule ufa. Iko inaingia hapa. Tumewafungia ndani nayo!" Akaingiza mkono kupitia mbele ya kifua cha Papa Moïse na kugeuza ufunguo.

Injini ikakohoa, ikanyamaza.

Hakuna aliyekuwa ameusikia msitu tangu alfajiri. Sasa ulikuja wote kwa mara moja: mvua juu ya majani, vyura, ndege fulani mbali sana.

Papa Moïse alitoa sauti kama mtu aliyepigwa tumboni. "Mama Simone. Umetumaliza."

"Shuka uniambie hayo ukiwa umesimama."

Alishuka kwa hasira. Mguu wa kwanza uligusa tope, wa pili ukamkataa, akaketi kwa kishindo kwenye maji. Alitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Kisha akageuka upande akatapika yote aliyokuwa nayo.

"Kichwa inakuuma tangu lini?" Simone alimuuliza.

Alitema mate. "Tangu shimo."

Kisha akausukuma mlango wa kabini ukae wazi.

Walimlaza Nadège juu ya matawi, turubai limefungwa juu kwenye miti, pande zote wazi upepo upite. Ramla alivua kilemba chake mwenyewe, akamfunika msichana kifua. Simone alikinga maji ya mvua kutoka kwenye pembe ya turubai, akamnywesha tone kwa tone. Alikuwa akiongea naye bila kukoma, kwa ukali, kama anavyoongea na mtu anayechelewa shule. Jina lako nani. Baba yako anaitwa nani. Fumbua macho. Hapana, yote mawili.

Alikaa hivyo muda mrefu. Shoka zilikuwa zimenyamaza. Hakuna aliyeweza kukata.

"Mama," Nadège alisema hatimaye, kwa sauti ya kukwaruza lakini iliyonyooka. "Umenilowesha nywele."

Ramla alipiga makofi. Koko Berthe alifunika uso kwa mikono miwili. Simone alibonyeza ukucha, akaitazama damu, akainuka. Hakulia. Kulikuwa na kazi.

Na hapa ndipo Papa Moïse alipoonyesha yeye ni nani. Angeweza kukaa kwenye tope na kununa, wengi wangekaa. Aliosha uso, akazunguka lori lake lililokufa mara moja, akasema: "Kwa kuwa imelala, tuitibu. Chuma ikipoa."

Aliagiza udongo wa kichuguu, ule mkavu wa ndani. Aliuponda, akachanganya na majivu na chumvi ya Ramla, akaukanda kwa maji kidogo mpaka ukashika. Alipasua kopo la sardini, akalinyoosha kwa nyuma ya shoka. Chuma kilipopoa, alipaka udongo kwenye ufa, akabana bati juu yake, akazungusha waya na kuukaza kwa koleo mpaka meno yake mwenyewe yakaonekana. Simone aliziba tundu la sakafu kwa pande la liputa lake. Kisha wakang'oa milango yote miwili ya kabini wakaitupa juu ya magunia. Hakuna mtu angefungiwa tena ndani ya lori lile.

Wanaume walimaliza mti. Gogo likaviringishwa kando.

"Sasa njo taabu," Israël alisema.

Papa Moïse alikuwa akiliangalia gurudumu la nyuma. "Leta jeki. Na kamba yote ya mzigo."

"Papa, kamba na gurudumu? Na watu hawa?"

"Nilifanya hii na marehemu baba yangu njia ya Kindu. Tulikuwa na wanaume wa kupakia mbao, watu wa shingo nene." Aliwatazama abiria wake waliolowa. "Hapa niko na nani?"

"Uko na mimi," Ramla alisema. "Nihesabu mara tatu."

Waliweka ubao chini ya jeki usizame, wakainua gurudumu moja la nyuma hadi likaelea hewani. Waliyazuia mengine kwa magogo. Papa Moïse akalizungushia tairi ile kamba, mizunguko mingi, kama mtoto anavyoizungushia pia yake uzi kabla ya kuirusha. Akiingiza gia, gurudumu lingeifuata injini na injini ingefuata gurudumu. Walichohitaji ni mvuto mmoja, wa watu wote, wa ghafla. Simone alipanga mstari: wenye nguvu mbele, wazito nyuma, miguu ikanyage mizizi badala ya tope.

"Mukianguka, acheni kamba," Papa Moïse alisema kutoka kwenye usukani. "Isiwakate mikono. Alors... moja, mbili, oyé!"

Walivuta. Gurudumu lilizunguka nusu, na mstari mzima ukaanguka kifudifudi kwenye tope. Mtu alicheka. Mtu alitukana. Wakazungusha kamba upya.

"Oyé!"

Injini ilikohoa mara moja, ikatoa moshi mweupe, ikafa.

Viganja vilikuwa vimechunika. Simone alivifunga vyake kwa matambara. Alipogeuka kushika kamba, alimkuta Koko Berthe amesimama nyuma yake mwisho kabisa wa mstari, amejifunga kiuno, kamba mikononi, uso bado wa kijivu kwa kutapika.

"Koko, kaa chini."

"Nilimfungia mutoto vioo," mwanamke mzee alisema. "Hesabu."

"Oyé!"

Kamba ililia. Gurudumu lilizunguka mara moja, mara mbili, kamba ikaruka hewani kama nyoka, na Tokokoma likapiga kelele. Lilikohoa, likashika, likanguruma. Papa Moïse alikuwa akiimba huko mbele, au akilia, haikujulikana. Watu walikumbatiana wakiwa wamejaa tope mpaka kope.

Simone alinyoosha mkono watu wanyamaze. Alisikiliza. Injini ilinguruma peke yake, laini. Hakuna tik.

Barabara iliyobaki haikuwahurumia. Mara mbili walishuka wote kusukuma lori likiwa linanguruma, mara moja walijaza matawi kwenye mfereji ndipo wakapita. Mahali fulani udongo wa kwenye ufa ulimeguka na tik ikarudi, lakini upepo ulipita kabini kutoka upande mmoja hadi mwingine na kila mtu humo alikuwa macho, akipigwa na mvua na kuishukuru. Papa Moïse aliendesha kwa kukwepa kila shimo aliloweza, na lile asiloweza alilitangaza kwanza: "Nadège, shika!" Na Nadège alishika, akitukana taratibu kwa Kilingala, lugha ya mto ya upande wa baba yake.

Walifika Lubunga mwanga ukiwa unaanza kupungua. Mto ulikuwa mpana na wa rangi ya chai ya maziwa, na ng'ambo yake ulikuwepo mji wa Kisangani. Kivuko kikubwa kilikuwa kimeshafunga kazi. Chini kwenye maji ilibaki pirogi moja, mtumbwi mrefu wenye mota, na mwenye nayo alikuwa anafungua kamba.

"Naondoka!" alipaza sauti. "Giza ikiingia mimi sivuki!"

"Tungoje! Tuko na mgonjwa!"

"Basi leteni sasa!"

Abiria wengine walikuwa wameshashukia njiani kwenye njia panda za vijiji vyao. Machela waliyoitengeneza kwa turubai na miti miwili ilihitaji watu wanne, kwa maana ukingo ulikuwa mkali na wenye utelezi kama sabuni. Simone alishika pembe moja. Israël nyingine. Ramla akaweka samaki wake chini na kushika ya tatu. Koko Berthe aliikaribia ya nne, lakini mikono yake, iliyochunwa na kamba, haikuweza kufunga ngumi.

Papa Moïse alikuwa bado kwenye usukani, mguu kwenye mafuta. Tambarare ya mchanga ilinyooka mbele na nyuma ya lori, bila mteremko hata wa kuku. Tokokoma lilitetemeka chini yake, tik, tik, tik.

Simone hakumwita. Alibonyeza ukucha wa Nadège, akangoja. Damu ilirudi, ikiwa imechelewa kuliko mara zote.

Papa Moïse alimwona akibonyeza. Alimwona pia alivyoinua uso baadaye.

Aligeuza ufunguo.

Injini ilinyamaza. Alishuka, akavuka mchanga kwa hatua ndefu, akainama na kushika pembe ya nne.

"Eh, Papa Moïse," Ramla alisema, "na nani atakuwashia?"

"Lubunga yote iko na mikono," alijibu. "Inueni."

Wakainua.